Seti ya elektroforesisi ya mtumba ya kupima selimundu, miaka miwili nikiwa nayo

Habari zenu wakuu. Nimeulizwa mara nyingi mno na wenzangu wenye maabara ndogo kama hii seti ya elektroforesisi, yaani ya kutenganisha kwa umeme aina za himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), inalipa au ni kupoteza hela, sasa leo nimepata nafasi nakaa naandika yote kwa mpigo ili mtu akisoma ajue anaingia kwenye nini. Mi niko Mwanza, maabara yetu ni ndogo tu, tuko watatu, na selimundu kwetu huku Kanda ya Ziwa sio kitu cha kusoma kwenye vitabu, ni watoto tunaowaona kila wiki.

Tulichonunua ni seti ya selulosi asetati, imetumika, kwa milioni 3 na laki 2. Ndani kulikuwa na pawa saplai, chemba moja, aplikeita (kifaa cha kupakia damu) ya sampuli 8, vibao vya kuwekea sampuli, na boksi moja la pleti, vile vibao vyembamba vya selulosi asetati ambavyo himoglobini inatembea juu yake, ambalo muda wake ulikuwa unakaribia kuisha. Jina la kampuni siweki, na aliyetuuzia simtaji, maana kuna jambo alilotufanyia nitalieleza huko chini na sitaki ligeuke kuwa la mtu. Nikiweka nyota, kipimo chenyewe nakipa 5 bila kusita. Seti yetu kama ilivyokuja 3. Upatikanaji wa vitu vyake huku kwetu 2.

Kwanza nieleze kwa nini tulihangaika nayo. Tulikuwa tunapima sikilingi tu, ile ya tone la damu na metabisalfaiti kwenye slaidi, unafunika unasubiri unaangalia kwenye hadubini kama chembe zimejikunja mundu. Ni rahisi na ni ya haraka ila inakwambia kitu kimoja tu, kwamba S, himoglobini ya selimundu, ipo. Haikwambii kama mtoto ana S moja aliyorithi kwa mzazi mmoja, yaani AS (A ni ile himoglobini ya kawaida), ambaye kwa maisha ya kila siku ni mzima, au ana S mbili, yaani SS, ambaye ndo mgonjwa anayehitaji kliniki maisha yake yote. Na sisi tulikuwa tunaandika "sickling positive" mzazi anaondoka na karatasi, huko mbele anaambiwa chochote na yeyote.

Siku iliyonifanya nikubali kuchangia hela ni hii. Alikuja mama mmoja toka Sengerema na mtoto wa kiume wa miaka 6, karatasi yake ya maabara nyingine imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, imeandikwa sikilingi chanya tangu mtoto ana miaka 2. Miaka 4 yote mtoto hajacheza mpira, maji ya baridi hagusi, shule ameanza kwa kuchelewa. Sisi wakati ule tulikuwa na uwezo wa kurudia sikilingi ileile tu, tukarudia, chanya. Nikamwambia arudi tukipata mashine. Na kweli alirudi, alikuwa kati ya sampuli 8 za mwanzo kabisa tulizopitisha. Ile bendi, yaani mstari, ya A ya yule mtoto ilitokea mbele nene kabisa na S nyuma yake nyembamba, AS safi. Tukarudia kesho yake, vilevile. Daktari alipomaliza kumwelezea yule mama hakusema kitu kwanza, alafu akauliza, "Kwa hiyo daktari, mpira anaweza kucheza?" Yule mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi na kandambili zake mkononi anasikiliza.

Sasa mashine yenyewe inafanyaje kazi, maana kuna watu wanadhani ni kama hadubini, kwamba inaangalia. Hapana. Himoglobini A na himoglobini S zinafanana karibu kila kitu, tofauti yao ni kitofali kimoja kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, pale A ina asidi ya glutamiki yenye chaji hasi, S ina valini ambayo haina chaji. Molekuli moja ina minyororo ya beta miwili, kwa hiyo S inakuwa imepungukiwa chaji hasi mbili, basi. Ukiziweka kwenye bafa, yaani maji ya chumvi yanayoshikilia pH (kiwango cha uasidi) isibadilike, ya pH 8.4 ukapitisha umeme, zote zinakimbilia upande wa chanya, ila S inavutwa taratibu kidogo zaidi, na ndani ya dakika 25 zinakuwa zimeachana kiasi cha kuziona kwa macho. Ukisoma pleti kuanzia ulipopakia damu, A2, ile ya kawaida ambayo huwa kidogo tu, ndo anabaki nyuma, alafu S, alafu F ya watoto wachanga, alafu A yuko mbele kabisa.

Hii sio akili mpya. Arne Tiselius wa Uppsala, Sweden, ndo alitengeneza mashine ya kutenganisha protini kwa umeme akapewa Nobel ya 1948, na mwaka uliofuata, 1949, Linus Pauling na kina Harvey Itano kule California wakaitumia kwenye damu ya wagonjwa wa selimundu wakaonyesha himoglobini yao inatembea tofauti, na kwamba wale wenye S moja damu yao ni mchanganyiko wa aina zote mbili. Hicho ndo hicho ninachokifanya mimi mezani kila Jumanne na Ijumaa. Na kuna mwingine ninayempenda sana, Oliver Smithies, yeye alikuwa Toronto miaka ya 50, akakumbuka wanga ambao mama yake alikuwa anatumia kupigia nguo pasi, kwamba ukipoa unaganda kama jeli, akaanza kutenganisha protini ndani ya jeli ya wanga wa viazi. Selulosi asetati tunayotumia sisi ililetwa na Joachim Kohn 1957, na uzuri wake ni kwamba hupiki chochote, pleti inakuja tayari.

Haya, kazi yenyewe. Unachukua damu kwenye chupa ya kizibo cha zambarau, unachanganya kidogo na kile kioevu cha kupasua chembe. Pleti unailoweka kwenye bafa kama dakika 20, na hapa ndo wengi wanaharibu, usiitumbukize kwa pupa, ishushe polepole kama unavyoshusha kitumbua kwenye mafuta, maana ukiitumbukiza hewa inanaswa ndani yake unapata madoa meupe na pale kwenye doa bendi inapinda au haipiti kabisa. Ukiitoa unaikausha kwa karatasi ya kunyonya, sio ikauke kabisa, ibaki na unyevu. Alafu aplikeita, unaibonyeza kwenye vibao vya sampuli mara 3 au 4, unaanza kuigonga kwenye karatasi kwanza ili tone la ziada liondoke, unapakia tena, ndo unabonyeza kwenye pleti na kuhesabu sekunde 5. Mkono ukitetemeka hapo utaona kwenye majibu. Mi nilichukua kama wiki 3 mpaka mistari yangu ikanyooka, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Pleti unaigeuza uso chini kwenye chemba, pande zote mbili ikanyage tambi za karatasi zinazonyonya bafa, juu yake unaweka slaidi mbili za kioo kama uzito ili ishike vizuri, unafunika, volti 350, dakika 25. Hakikisha upande ulipopakia damu uko kwenye hasi, siku moja kijana wetu aligeuza na sampuli zote zikatembea zikaishia kwenye tambi, asubuhi nzima ikapotea. Ukitoa unaitumbukiza kwenye rangi nyekundu ya Ponceau S dakika 5, alafu unasuuza na asidi ya asetiki asilimia 5 mara tatu. Mwanzoni pleti nzima ni nyekundu kama kitambaa kilichochovya kwenye rangi, huoni chochote, suuza ya kwanza bado, suuza ya pili unaanza kuona vivuli, ya tatu bendi zinasimama peke yake juu ya nyeupe. Nimeiona mara mia na ushee na bado kila nikifika pale nainama kuangalia.

Sasa lile jambo la muuzaji. Mfuniko wa chemba una swichi ya usalama, ukifungua tu umeme unakata. Wetu ulikuwa umeunganishwa waya kwa ndani kupita ile swichi, yaani ukifungua umeme unaendelea. Hakutuambia. Tuligundua kwa sababu mwenzangu alifungua aangalie bafa akaona taa ya pawa saplai bado inawaka. Volti 350 na bafa yenye chumvi mkononi, mtu anakufa jamani, hilo sio la kufichia. Tulimlipa fundi akarudisha swichi kwa elfu 60. Kwa hiyo ukinunua mtumba, kabla hujatoa hata shilingi, weka maji ya bafa, washa, fungua mfuniko, uone kama umeme unakata. Asipokubali ujaribu, ondoka.

Umeme kukatika katikati ya kazi ni lingine. Ukikatika dakika ya 12 bendi zinaanza kusambaa zenyewe, huwezi kusema utaendelea ukirudi, unaanza upya na pleti imekwenda. Mwezi wa kwanza tulipoteza pleti 5 hivi hivi. Kumbe dawa yake ni rahisi kuliko nilivyodhani, chemba hii inakula mkondo mdogo sana, ni miliampia chache tu, kwa hiyo UPS ndogo ya kompyuta inaibeba dakika 25 bila shida yoyote. Tulinunua, hatujapoteza tena. Joto la Mwanza nalo linakausha bafa, kwa hiyo mi bafa naitoa kwenye friji, na mfuniko ukae sawasawa. Na bafa usirudierudie kuitumia ili kubana matumizi, ukirudia bendi zinakuwa nzito, zinaburuza mkia, A na F zinashikana, unabaki unakisia, na kukisia kwenye kipimo hiki ni kumwandikia mtoto wa watu maisha yasiyo yake.

Kitu nilichochelewa kuelewa ni kontroli, yaani damu ambayo majibu yake yanajulikana tayari. Tulihesabu bei ya mashine, pleti, bafa, rangi, kontroli tukaisahau, tukawa tunatumia damu ya mwenzetu mmoja ambaye ni AA kama kipimo. Haitoshi. Unahitaji ile kontroli yenye A, F, S na C (himoglobini nyingine ya kurithi) pamoja, unaiweka kwenye nafasi moja ya kila pleti, kila mara, hata siku una mgonjwa mmoja. Bila hiyo huna unacholinganisha nacho, unaona mstari tu unaupa jina. Mi sasaivi ningeambiwa nichague kati ya mashine mpya inayong'aa bila kontroli na hii kuukuu yenye kontroli, nachukua hii kuukuu.

Na mashine haisemi kila kitu, hili naomba msomaji alielewe vizuri. Kwenye pH hii S inakaa sehemu moja na himoglobini nyingine, D na G, na C inakaa pamoja na A2, E na O. Kwa hiyo ukiona bendi kwenye nafasi ya S usiandike S kabla hujafanya kipimo cha kuyeyuka, kile cha dithionaiti ambapo damu yenye S inabaki na ukungu na mistari ya karatasi nyuma yake haionekani. Wenye uwezo wanarudia kwenye jeli ya agari ya sitreti ya pH 6 hivi ambayo inawatenganisha hao wanaofichana, sisi hatuna, tunapeleka hospitali kubwa. Pia angalia unene. Kwenye AS ya kawaida A huwa nene kuliko S. Ukikuta A ipo lakini S ndo nene, simama, hiyo inaweza kuwa S na thalasemia ya beta (tatizo la kurithi linalopunguza utengenezaji wa mnyororo wa beta), au mtoto ameongezewa damu.

Hilo la kuongezewa damu lilinipata mimi mwenyewe. Mtoto wa kike wa miaka 4, pleti safi, kontroli safi, A na S, nikaandika AS nikasaini. Siku mbili baadaye daktari akapiga simu, akaniambia, "Kaka, huyu mtoto kaongezewa chupa mbili za damu wiki tatu zilizopita, hiyo A unayoiona ni ya aliyechangia." Mashine ilikuwa sahihi, mimi ndo sikuuliza. Niliwapigia wazazi mwenyewe, tukawapima wote wawili, wote AS, na baada ya miezi minne tukampima mtoto tena, SS. Toka siku ile fomu yetu swali la kwanza baada ya jina ni "ameongezewa damu lini", na kama ni chini ya miezi mitatu tunapima wazazi kwanza, mtoto tunampa tarehe ya kurudi. Nalisema wazi kwa sababu najua kuna maabara ambazo fomu zao hazina hilo swali mpaka leo.

Watoto wachanga nao seti hii sio nzuri kwao, nisiwadanganye. Mtoto wa siku chache damu yake kubwa ni F, S yake ni kidogo mno, kwa jicho na rangi ya Ponceau unaweza kuipita. Kwa hao vile vipimo vya kadi vya tone la damu ya kisigino, kama HemoTypeSC au Sickle SCAN, vinafanya kazi vizuri zaidi, majibu ndani ya dakika 5 mpaka 10, havihitaji umeme, na ukipata kadi mlangoni kwako hata kituo cha afya kisicho na stima kinaweza. Kuna mtu atauliza sasa kwa nini usinunue kadi tu. Kwa mtoto mchanga na kwa uchunguzi wa watu wengi, nunua kadi, nakubaliana kabisa. Ila kadi inatafuta A, S na C, imeishia hapo, haikuonyeshi F imenenepa kwa mtoto aliyeko kwenye haidroksiyurea, ile dawa ya selimundu inayoongeza F, haikuonyeshi himoglobini ambayo hukuitarajia. Kwenye pleti kila kilichopo kinajitokeza, hata usichokijua jina unajua kipo, unapeleka mbele.

Mashine za kisasa za kapilari na HPLC, zinazotenganisha himoglobini na kuzisoma zenyewe, ziko juu ya hii, zinakupa asilimia, A2 unaipata kwa namba, hazitegemei jicho la mtu. Ukiwa na hela na sampuli nyingi kila siku chukua hizo. Kwa maabara yenye sampuli 15 kwa wiki kama sisi, rijenti zake zingemaliza muda kabla hatujazitumia.

Kuna kitu huwa nakifikiria nikiwa nasuuza pleti. Daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, mwaka 1949 alizunguka akipima damu za watu akakuta pwani na huku karibu na Ziwa Victoria wenye S ni wengi, kwenye nyanda za juu ni wachache, na 1954 akaandika kwamba S moja inamkinga mtoto na malaria kali. Yaani wale AS ninaowaona kwenye pleti kila wiki ni wajukuu wa watu waliopona. Nikimpa mzazi majibu ya AS namwambia hivyo, kwamba hii sio laana ya ukoo na sio kosa la mama, maana kuna wanaume wakiona tu herufi S wanaanza kumtazama mke, wakati SS haipatikani mpaka mzazi wa pili naye achangie S yake. Alafu namwomba baba naye atoe mkono apimwe. Wengi wanatoa ukiwaeleza kwa upole.

Hesabu kwa anayetaka kununua, weka akilini kwamba bei ya mashine sio bei ya kipimo. Pleti, bafa, rangi, tambi na kontroli zinatuishia kila baada ya miezi mitatu minne, vinaagizwa Dar na saa ingine Dar wenyewe wanasubiri toka nje, tumewahi kukaa wiki 7 bila pleti huku kuna wazazi wanapiga simu kila siku. Tunatoza elfu 25, faida yake ni ndogo sana, na kwa mtoto ambaye mzazi hana tunapima tu, tunajaza nafasi iliyobaki kwenye pleti, maana pleti ya nafasi 8 ukiweka kontroli na sampuli 3 zile nafasi 4 zinaenda bure hata hivyo. Ndo maana tunakusanya, tunapima Jumanne na Ijumaa.

Kama uko Mwanza, Geita au Shinyanga una seti ya aina hii, tuagize pamoja. Boksi la pleti ni kubwa kwa maabara moja na kontroli ikishafunguliwa haikai muda mrefu, tukiwa watatu tunagawana na hamna kinachotupwa. Oda yetu inayofuata inaondoka mwisho wa mwezi huu.